Siku Wembe Aliposifu Kitabu

Waandishi walimwogopa Wembe, na Wembe aliogopa kikohozi.

Tuanze na waandishi, maana habari yao ni nyepesi. Kila Alhamisi saa mbili asubuhi redio ilitoa dakika kumi kwa mwanamke mmoja aseme anavyoona kuhusu riwaya mpya za fantasia na za kisayansi. Jina lake halikutajwa. Mtayarishaji wa kipindi alimbatiza Wembe, na jina likamganda. Siku nyingine zote alikuwa mkataji vitambaa kwenye karakana ya sare za shule, mtu wa kutandika matabaka arobaini juu ya meza ndefu na kuyakata kwa mkupuo mmoja. Kazi ile ilimfunza kwamba ukikosea kukata, useme palepale kabla kitambaa hakijafika kwa washonaji. Ukinyamaza, watoto arobaini watavaa mashati yenye mkono mmoja mrefu.

Na vitabu alivisema hivyohivyo. Alisoma mpaka ukurasa wa mwisho hata kama kitabu kinamchosha mpaka mifupa, ndipo akafungua mdomo, na akishafungua, shauri yako mwandishi. "Humu kuna roboti analia ukurasa wa tatu, ukurasa wa tisa na ukurasa wa kumi na mbili," alisema safari moja. "Mimi nina mtoto wa miaka saba na halii hivyo. Apelekwe kwa fundi." Riwaya nyingine ya kifalme aliisema hivi: "Ramani mbili, majina themanini na kamusi mwishoni, lakini mpaka namaliza sijui malkia huyu analala upande gani wa kitanda." Kusifu alisifu pia, tena vizuri, ila kwa nadra. Kuna kitabu cha watu waliofungiwa kwenye chombo cha angani miaka mia mbili. Alikipenda kwa sababu mwandishi alikumbuka kwamba hata huko lazima mtu afue nguo. Wiki ile kitabu kikaisha madukani.

Lililokuwa likimuudhi kuliko yote ni ufufuo. "Tangu mwaka uanze nimesoma riwaya tisa," alilalamika, "na katika saba marehemu anarudi. Anazikwa sura ya kumi, sura ya kumi na tano yuko mezani anaomba chumvi. Jamani, waacheni watu wafe. Msomaji akishajua hakuna anayekufa, ataogopa nini? Na asiyeogopa anafungua ukurasa wa nini?"

Ndivyo alivyosema, na nchi nzima ikacheka. Sasa tuje kwenye kikohozi.

Huyo mtoto wa miaka saba aliitwa Chiriku, kwa sababu alisema kutoka anapoamka mpaka usingizi unapomkata kauli. Alizaliwa na tundu kwenye moyo. Akipanda ngazi, midomo inageuka rangi ya wino, anakaa chini, anapumua, halafu anaendelea na hadithi yake pale alipoishia. Upasuaji ulikuwa umeahirishwa mara mbili. Mara ya kwanza damu ya kundi lake haikupatikana. Mara ya pili mashine ya kusukuma damu iligoma, wakarudishwa na begi lao wakiwa wameshafika mapokezi. Safari hii daktari mpasuaji aliwaambia wazi kwamba moyo umeanza kutanuka na mwaka usiishe kabla hajaingia ndani. Wakapewa Alhamisi, saa nne asubuhi. Baada ya hapo orodha ilikuwa imejaa mpaka hakuna aliyethubutu kutaja mwezi.

Na Jumamosi, siku tano kabla, mtoto akaanza kukohoa.

Jumapili jioni paji la uso likawa la moto. Wembe alijua sheria, maana iliandikwa kwenye karatasi waliyopewa: mtoto mwenye kikohozi au homa haingii chumba cha upasuaji. Alikaa ukingoni mwa kitanda na ile karatasi mkononi mpaka ikalowa jasho. Dada yake mkubwa, aliyeishi nao, akaichukua, akaikunja na kuitia mfukoni mwake.

"Watoto wote wanakohoa," dada akasema. "Ukilitamka hilo huko, mnarudi nyumbani. Safari ijayo utampeleka akiwa na midomo ya rangi gani?"

Wewe unayetaka kumhukumu, ngoja kidogo. Mtu akiwekwa kati ya hofu mbili anaikimbia ile iliyo karibu. Wembe alinunua sirapu ya homa, akaificha ndani ya soksi chini ya begi, akamkalisha mtoto mbele yake.

"Kikija, kimeze," alimwambia. "Unakunywa maji, unakimeza."

"Nikishindwa je?"

"Hushindwi."

"Kikitoka chenyewe je? Chenyewe hakiniombi ruhusa, mama."

"Chiriku, mwanangu, kimeze."

Jumatatu walilazwa. Daktari mpasuaji alikuja na fomu yake, mtu mrefu, mpole, mwenye sauti ya chini kama anayeongea maktaba. Alisikiliza kifua cha mtoto, na bahati nzuri au mbaya, sijui niiteje, hakusikia kitu. Kisha akamgeukia Wembe.

"Mama, wiki mbili hizi mtoto amekohoa? Amepata homa, mafua?"

"Hapana, daktari."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Daktari aliacha kuandika. Alimtazama kama mtu anayetafuta amemwona wapi mwenzake. Ameshajua, Wembe akasema moyoni. Lakini daktari alitabasamu kidogo, akatia alama kwenye fomu, akasema, "Basi, vizuri sana."

Jumanne ilipita kwa vipimo. Jumatano alasiri aliitwa ofisini kwa daktari kutia saini ya ridhaa, na hapo ndipo mambo yalipomwagika.

Ofisi ilikuwa ndogo: meza, viti viwili, mfano wa moyo wa plastiki unaofunguka katikati, na rafu ya vitabu vya udaktari. Wembe alikaa, akampakata Chiriku, akainua macho kwenye rafu. Chini ya vile vitabu vinene kulikuwa na nakala kumi na moja za kitabu kimoja, jalada la buluu lenye picha ya miezi mitatu angani. Ukutani, juu yake, palibandikwa ramani iliyochorwa kwa mkono, yenye mito na milima ambayo Wembe aliijua vizuri, kwa sababu ilikuwa imechapwa ndani ya kitabu alichokitukana redioni miezi mitano iliyopita.

Kitabu kilitolewa kwa jina la kubuni, bila picha ya mwandishi. Kilihusu tabibu anayeingiza mkono kifuani mwa mgonjwa, anautoa ugonjwa ukiwa ndege mweusi, anamwachia ndege dirishani, na mgonjwa anaamka. Na Wembe, alivyo bila breki mdomoni, alisema hivi mbele ya nchi nzima: "Kurasa mia sita na kumi, wagonjwa thelathini na wanne, nimewahesabu, na wote wanapona. Mwandishi huyu hajawahi kukaa karibu na mtu anayekufa. Angewahi, asingetuandikia upuuzi huu."

Wembe akajitia hamnazo, akashika kalamu. Lakini ukiwa na Chiriku pajani huna siri.

"Mama, kile kitabu si unacho nyumbani? Kile ulichokisema kwenye re..."

Wembe alimfinya mguu. Chiriku alinyamaza kwa mshangao, maana mama yake hakuwa na tabia ya kufinya.

"Ni changu," daktari akasema, na masikio yakamwiva kwa haya. "Nilikuwa nakiandika alfajiri, kabla ya zamu. Miaka sita. Umekisoma?"

"Nimekianza," Wembe akasema. "Kinavutia sana."

"Ahaa."

Daktari alifunika kalamu yake taratibu, akausogeza moyo wa plastiki pembeni, akamwonyesha pa kutia saini. Saini ilitoka imepinda kama ya mtu anayeandikia juu ya goti.

Kwenye korido alimwacha mtoto kwa nesi, akampigia dada yake huku ameegemea ukuta.

"Ndiye mwenye kile kitabu," alisema. "Yule wa ndege weusi. Ndiye atakayemfungua mwanangu kifua kesho."

"Ulisema nini juu yake? Nikumbushe."

"Kwamba hajawahi kukaa karibu na mtu anayekufa."

"Mdogo wangu," dada akasema, "huo mdomo wako huo. Anajua kuwa ni wewe?"

"Sijui. Dada, anavyonitazama, sijui."

"Basi msifu. Kesho si Alhamisi? Asikie kabla hajashika kisu. Mvishe kilemba cha ukoka, mkono wake uwe mwepesi."

"Sijawahi kusifu kitabu nisichokipenda."

"Hujawahi pia kumlaza mwanao mezani kwa mtu uliyemtukana. Utachagua lipi?"

Ungechagua lipi wewe? Wembe alishuka mpaka ngazi za nyuma karibu na chumba cha kufulia, mahali palipokuwa na ngurumo ya mashine na harufu ya shuka za moto, akajirekodi kwa simu. Mara ya kwanza sauti ilitetemeka. Mara ya pili alijisikia akikaribia kusema ukweli, akafuta. Mara ya tano ikakubali: alikuwa amekirudia kitabu kile chenye miezi mitatu jaladani, alisema, akagundua kwamba alikosea, kilikuwa kitabu cha huruma kubwa, chenye hekima, kilimtoa machozi, na kila mwenye mgonjwa nyumbani akitafute. Akamtumia mtayarishaji, akamwomba airushe hiyo badala ya ile iliyopangwa. Mtayarishaji akamjibu: *Una hakika? Hii haifanani na wewe.* Akamwandikia: *Rusha.*

Alijisikia kama aliyelamba sabuni. Aliporudi wodini alimkuta Chiriku amekaa wima kitandani, mdomo ameufumba, machozi yanamlengalenga, kikombe cha maji mikononi. Alikuwa akimeza. Paji lilikuwa moto tena. Wembe alimpeleka bafuni, akamnywesha sirapu, akaifuta chupa, akairudisha kwenye soksi. Nesi alipokuja na kipimajoto, namba ilisoma vizuri, naye akamsifu Chiriku kwa kuwa mgonjwa mtulivu kuliko wote wodini.

Chiriku, mtulivu. Siku tatu mtoto yule alikuwa hajamaliza hadithi hata moja, kwa kuogopa kufungua mdomo. Wembe alikuwa ameliona hilo, na aliligeuzia kisogo.

Alhamisi saa mbili kamili redio ya mezani kwa manesi ilianza kusema kwa sauti yake. Wembe alikuwa akimfunga mtoto kamba za mgongoni za lile gauni la upasuaji, kubwa mno, na sauti yake mwenyewe ikamfikia kutoka ng'ambo ya wodi, tamu, yenye kubembeleza. Nesi mmoja alisema, "Leo Wembe kaamka vizuri." Mwingine akasema labda kapewa kitu kidogo. Wakacheka. Wembe alibaki ameshika ncha mbili za kamba bila kuzifunga. Saa mbili zilikuwa zimebaki.

Saa tatu kasorobo daktari akaja. Hakuwa amevaa nguo za upasuaji. Funguo za gari zilikuwa bado mkononi. Alimwomba nesi avute pazia na abaki ndani nao, kisha akavuta kiti, akakaa, magoti yake karibu yaguse ya Wembe.

"Nimekusikiliza nikiwa njiani," alisema. "Nimepaki pembeni ili nisikie vizuri."

Wembe alimsogeza Chiriku ubavuni mwake.

"Sauti yako niliitambua Jumatatu, ulipoingia tu. Ile rekodi yako ya kwanza ninayo kwenye simu. Nimeisikiliza mara nyingi kuliko inavyofaa." Alizungusha funguo kidoleni. "Umesema kitabu changu kimekutoa machozi. Ukurasa gani?"

"Daktari, naomba unisamehe. Usimwadhibu mtoto kwa..."

"Sikiliza kwanza. Sina haja ya kuombwa radhi. Ulisema sijawahi kukaa karibu na mtu anayekufa. Nimekaa karibu na watoto wanane, mama. Mmoja wao, mama yake aliniambia hajakohoa. Tukamlaza usingizi, mapafu yakagoma, hakuamka. Siku ile nilienda nyumbani nikaanza kuandika kitabu ambamo kila mtu anaamka." Alisema hivyo bila kupandisha sauti, kama anayesoma fomu. "Pengine kweli ni upuuzi. Wewe peke yako uliniambia. Wengine wote walinipaka mafuta."

Nesi alikuwa akitazama sakafu. Chiriku alimtazama daktari, mdomo umefumbwa.

"Jumatatu daktari wa usingizi alitaka mtoto apigwe picha ya kifua upya," daktari akaendelea. "Nikamwambia haina haja. Nikamwambia huyu mama namjua, huyu hawezi kusema uongo hata kwa kumwonea mtu huruma. Nilikuamini kwa sababu ya yale maneno uliyonichana nayo. Unanielewa? Kisha leo nasikia umenisifu."

Akaziweka funguo kitandani.

"Kwa hiyo nauliza tena. Amekohoa?"

Hapo Wembe aliiona orodha, ile isiyo na mwezi. Aliuona moyo unaotanuka, na ngazi, na midomo ya rangi ya wino. Neno *hapana* lilikuwa limeshafika kwenye meno. Alisema mwenyewe baadaye, akimsimulia dada yake, kwamba hajawahi kuogopa namna ile maishani, kwa sababu alijua jibu lolote atakalotoa linaweza kumuua mtoto, na ilikuwa lazima atoe moja.

"Tangu Jumamosi," alisema.

"Na homa?"

"Tangu Jumapili. Nampa dawa. Ya mwisho nimempa leo alfajiri, bafuni."

Nesi alivuta pumzi. Daktari alifumba macho, akayafumbua.

"Piga simu juu, chumba cha upasuaji," alimwambia nesi. "Waambie leo hatuingii. Na wajiandae na picha ya kifua sasa hivi."

"Atapata tena nafasi lini?" Wembe akauliza. Sauti ilikuwa ndogo, wala hakuitambua kuwa yake.

"Sijui. Kifua kikisafika, wiki sita, moyo ukikubali kungoja. Nitampigania, lakini siwezi kukuahidi kitu." Alikuwa ameshavaa kifaa cha kusikilizia masikioni. "Ni kikohozi cha namna gani? Kikavu au kina makohozi?"

"Sijui sasa," Wembe akasema, na hapo machozi yakamtoka, ya kweli safari hii. "Nimemkataza kukohoa."

Daktari akamgeukia mtoto, akainama mpaka nyuso zao zikawa sawa.

"Haya, Chiriku," alisema kwa upole. "Nataka unikoholee. Kwa nguvu zako zote."

Chiriku hakukohoa. Kifua kilikuwa kinamtetemeka ndani ya gauni, macho yamejaa maji, midomo ameibana mpaka imebadilika rangi. Aligeuza shingo akamtazama mama yake, akangoja.

Wembe akamwitikia kwa kichwa. Ndipo mtoto akakohoa, akaendelea kukohoa, kikohozi cha siku tano, mkono mmoja umeng'ang'ania shati la daktari na ule mwingine bado unajaribu kuziba mdomo.